Somo: Kuvaa khadi unapozuru Amritsar

Mgeni wa Amritsar, India, huzuru Hekalu la Dhahabu la Masingasinga na bustani ya Jallianwala Bagh siku moja, kwa kuwa ni mwendo mfupi kwa miguu. Bustanini humo, tarehe 13 Aprili 1919, askari wa Reginald Dyer, ofisa wa jeshi la Waingereza, waliufyatulia risasi umati usio na silaha. Serikali ya kikoloni yenyewe ilihesabu waliouawa 379. Nguo ya kuingilia mahali kama hapo ichaguliwe kwa uangalifu.

Hatua ya kwanza: anza na kitambaa. Tafuta khadi, iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono. Pamba ya India ilipelekwa katika viwanda vya Uingereza, ikarudi ikiwa nguo za kuuziwa Wahindi wenyewe. Ndiyo maana Gandhi aliwahimiza wasokote uzi wao na, mwaka 1921, wachome nguo za kigeni. Nyuzi za khadi hazilingani unene, na hiyo si kasoro.

Hatua ya pili: mshono. Kwa wanawake napendekeza panjabi, kama tunavyoiita pwani, yaani gauni na suruali yake, pamoja na mtandio mpana. Sari ni nzuri, ila asiyeizoea atahangaika nayo anapovuka maji ya kuoshea miguu mlangoni pa hekalu. Wanaume wavae kurta, yaani shati refu, na suruali pana. Nyeupe, ambayo Wahindi wengi huivaa msibani, inafaa zaidi.

Hatua ya tatu: acha kaki nyumbani. Ilikuwa sare ya majeshi ya Waingereza nchini India tangu karne ya 19, na kwangu mimi si heshima kusimama nayo mbele ya kuta ambazo bado zina matundu ya risasi.

Hatua ya nne: hekaluni funika kichwa, uvue viatu na soksi.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, mwanamume anaweza kufunga kilemba kama cha Masingasinga?
Jibu: Nashauri asifanye hivyo, kwa sababu kwao kilemba ni ahadi ya imani. Vitambaa vya kichwa hutolewa bure mlangoni.

Swali: Naweza kujitanda kanga badala ya mtandio?
Jibu: Ndiyo, mradi jina lake lisiwe la kijembe.

Swali: Je, khadi huchuja?
Jibu: Yenye rangi huweza kuchuja, na hurudi kidogo. Nunua iliyolegea, uifue peke yake kwa maji baridi.