Kuvitumia vifaa vya kisasa vya usalama wa gari katika barabara za Dodoma

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani huja na kamera nyuma ya kioo cha mbele, rada upande wa mbele na vitambuzi magurudumuni, lakini mnunuzi hubaki hajui kazi ya vifaa hivyo kwa sababu kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kijapani. Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Morogoro au Singida anapaswa kufahamu ni wapi vifaa hivyo vinamsaidia na ni wapi vinamwacha.

Anza na dashibodi. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha uangalie taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge) na ile ya mifuko ya hewa, ambazo zinatakiwa ziwake kwanza na kuzimika muda mfupi baadaye. Taa isiyozimika ni dalili ya hitilafu, na fundi umeme aisome kwa kompyuta kabla ya kubadilisha kifaa chochote. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka zaidi, kwani inawezekana iling'olewa makusudi ili mnunuzi asione kasoro.

Breki za ABS huzuia magurudumu yasijifunge, ili dereva aweze kukata usukani huku gari likipunguza mwendo. Ukikutwa na dharura, kanyaga pedali kwa nguvu zote na usiiachie, hata ikitetemeka chini ya mguu. Ile desturi ya kukanyaga na kuachia tuliyorithi kwenye magari ya zamani inaharibu kazi ya mfumo huu. Hata hivyo, kwenye changarawe za barabara za vijijini gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama, kwa hiyo punguza mwendo mapema.

Kamera ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi huku kwetu. Inasoma mistari ya barabara, na pale mistari ilipofutika au kufunikwa na vumbi haina cha kusoma. Jua nalo huipofusha: anayetoka Dodoma kuelekea mashariki, upande wa Kibaigwa, asubuhi hulikabili usoni, sawa na anayeelekea magharibi, upande wa Bahi na Manyoni, jioni. Futa kioo mbele ya kamera kila unaposimama kupumzika, na kioo hicho kikibadilishwa, hakikisha kamera imepimwa upya, kwa kuwa ikipinda kidogo tu husoma umbali usio sahihi. Kumbuka pia kwamba mifumo mingi inayofunga breki yenyewe bila dereva kukanyaga pedali imefundishwa kutambua magari, watembea kwa miguu na baiskeli. Kundi la ng'ombe linalovuka barabara jioni halimo katika hesabu hiyo. Usiijaribu kwa mifugo ya watu.

Rada inayoshika umbali kati yako na gari la mbele hupunguza uchovu katika safari ndefu, ila haioni kilicho mbele ya lori unalotaka kulipita, na katika barabara ya njia mbili hapo ndipo magari hugongana uso kwa uso. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata takriban mita 22 kila sekunde; ukiingia kwenye makazi, ambako kikomo ni kilomita 50, hubaki kama mita 14. Shuka hadi hapo kabla ya kufika kwenye rasta (matuta madogo madogo ya kupunguza mwendo), maana anayesubiri rasta zimkumbushe amekwisha kuingia kijijini kwa kasi.

Abiria wa basi naye ana nafasi yake. Mabasi ya mikoani hufungwa kifaa cha VTS kinachotuma taarifa za mwendo na mahali lilipo basi kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na kikomo cha basi ni kilomita 80 kwa saa. Ukiona dereva anakimbiza, funga mkanda, kisha andika namba ya usajili, saa na jina la kijiji mnachopita kabla ya kutoa taarifa, kwa sababu malalamiko yenye saa na mahali ni rahisi kulinganishwa na kumbukumbu za kifaa hicho.