Ukikodi nduthi (pikipiki) ya kuzunguka kisiwa cha Rusinga
Watu wa Kisumu mnaoenda Rusinga wikendi, nduthi kodini hapo Mbita lakini kabla hujavuka daraja piga picha kila mkwaruzo mwenye nduthi akiona, mimi sikupiga nikalipishwa indiketa iliyokuwa imevunjika kitambo. Finya breki ya mbele, ikiingia mpaka iguse mkono wa usukani mwambie akuletee ingine. Jaza mafuta hukuhuku Mbita. Penye changarawe usiguse hiyo breki ya mbele kwa kona, itakulaza, tumia ya nyuma polepole na ushuke gia mapema. Kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa wa enzi za uhuru, usilipite bila kuliona. Halafu jioni teremsha kioo cha helmeti, wale wadudu wa ziwa wanakuja kama moshi na wanaingia mpaka mdomoni, eti protini.