Kuiandalia helikopta mahali pa kutua Bukavu: anzeni na nguzo za umeme

Rubani anayeruka chini haoni waya. Alumini iliyokaa juani miaka mingi hugeuka kijivu, na nyuma yake kuna mikaratusi au maji ya Ziwa Kivu, basi jicho halipati pa kushika. Kuutafuta waya ni kazi yenu mlio chini.

Zungukeni kiwanja kwa miguu siku ileile ya safari. Msitafute waya, tafuteni nguzo: ukiiona moja, hakikisha umejua ya pili iko wapi. Kila nyumba yenye taa ina waya unaoifikia. Kwenye vilima vyetu ni hatari zaidi, maana waya waweza kuvuka bonde zima, nguzo moja kilima hiki na nyingine kile, na katikati hakuna dalili yoyote. Nyaya ambazo majirani wamejivutia kwa miti haziko kwenye ramani, nazo huongezeka. Ukaguzi wa wiki iliyopita hautoshi.

Kisha pimeni. Kwenye ardhi tambarare simamisha fimbo ya mita 1. Kivuli chake kikiwa sentimita 50, na cha nguzo mita 6, nguzo ina mita 12. Fanyeni asubuhi au alasiri. Saa sita mchana kivuli cha huku huwa kifupi, na miezi mingine karibu kinapotea. Zidisha urefu huo kwa 8: waya ulio kwenye njia ya kuingia au kutoka uwe angalau mita 96 kutoka ukingo wa kiwanja. Ukiwa karibu zaidi, geuzeni njia au hameni. Njia ya kutoka ndiyo inayosahauliwa, ilhali helikopta iliyobeba wagonjwa hupanda polepole. Kwa Mi-8, helikopta kubwa ya Kirusi ambayo rota yake (mapanga ya juu) ina kipenyo cha mita 21, tengeni mita 50 kwa 50.

SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme, hatari kwa helikopta iko palepale. Waya usio na umeme nao hujisokota kwenye mlingoti wa rota, huvunja fito za kuongozea mapanga au hung'oa rota ya mkia.

Redioni semeni kwa mpangilio: upande, umbali, urefu, mwelekeo. «Waya mashariki, mita 110 kutoka ukingo, urefu 12, unakwenda kaskazini-kusini.» Egesheni gari lenye taa kando ya nguzo, na usiku msimmulike rubani machoni. Kiangazi, mwagieni uwanja maji, kwa sababu rubani akizingirwa na vumbi hupoteza alama zote, nguzo zikiwemo.

Kubalianeni mapema neno la kusitisha, kwa lugha anayoielewa rubani. Mkigundua waya yeye akiwa tayari anashuka, litamkeni mara moja, na aliye mbele yake apunge mikono yote miwili juu ya kichwa ikipishana, mpaka helikopta ipande tena.