Somo: kutua ndege ya abiria upepo ukipiga ubavuni (someni kabla ya kuuliza)

Kusi ikishika, Juni mpaka Agosti, hapakosi mtu wa kurusha video ya ndege inayoingia uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, kimshazari, pua kushoto na mwili mbele. Kisha yanaanza yaleyale: "rubani amelewa?", "imekosa njia?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Haya, chukueni yote kwa pamoja. Kitabu cha ndege yako na taratibu za kampuni yako ndivyo vyenye neno la mwisho. Hapa naeleza kazi yenyewe inavyokwenda.

Nitatumia maneno ya mashua kwa sababu yanatosha. Joshini ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande unakokwenda. Noti ni maili ya bahari kwa saa.

1. Upige hesabu upepo. Tuseme mnara wa kuongozea ndege umekupa upepo unaotoka nyuzi 160, noti 22, dharuba (mapigo ya ghafla) hadi 28. Unatua njia (barabara ya kutulia) ya 21, yaani inayoelekea nyuzi 210. Tofauti ni 50. Sini ya 50 ni 0.77, kwa hiyo ubavuni una noti 17, na dharuba ikija karibu 22. Usoni zinabaki 14. Kama huna muda wa sini, tumia saa ya ukutani, nyuzi uzihesabu kama dakika: tofauti ya nyuzi 15 ni robo ya upepo, 30 nusu, 45 robo tatu, 60 na kuendelea hesabu wote.

2. Linganisha na kikomo. Airbus A320 ilijaribiwa kutua na noti 33 za ubavuni, dharuba 38. Hiyo ni njia kavu na rubani wa majaribio. Kampuni nyingi hushusha namba hiyo, na njia ikilowa huishusha tena. Linganisha na dharuba, si na wastani.

3. Kasi. Kwa Boeing 737 ukiishika kwa mkono, ongeza kwenye kasi ya kutulia nusu ya upepo wa usoni na dharuba yote iliyozidi wastani. Mfano wetu: 7 na 6, jumla 13. Kitabu kina kikomo cha nyongeza hiyo, usikivuke. Nyongeza ya dharuba unaenda nayo mpaka chini. Ile ya upepo wa usoni unaiacha ipungue unapokaribia kugusa. Upepo wa ubavuni peke yake hauongezi kasi hata noti moja. A320 hupiga hesabu yake yenyewe.

4. Ingia kwa mwendo wa kaa. Mabawa sawa, pua imeelekezwa joshini kiasi cha kukuweka juu ya mstari wa kati. Pembe yake: upepo wa ubavuni gawanya kwa kasi yako hewani, zidisha 60. Tuseme kasi ni noti 153: 17 kwa 153, mara 60, ni kama nyuzi 7. Hicho ndicho mnachokipiga video. Ndege haijapotea, ikinyooka pale juu ndiyo itapotea.

5. Futi 1,000, au 500 kukiwa kweupe, kila kitu kiwe kimetulia: kasi, mteremko, mstari. Hakijatulia, paa tena.

6. Inua pua. Futi 20 hivi kwa 737, 30 kwa A320. Macho yatupe mwisho wa njia, si chini ya pua.

7. Nyoosha. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi simo nje ya hao wengi. Upepo unatoka kushoto, pua iko kushoto. Unakanyaga pedali ya kulia, taratibu lakini kwa nia, pua irudi kwenye mstari. Mguu ukitangulia mkono (mkono hapa ni usukani wa kulaza mabawa), umekwisha: pua inapozunguka kwenda kulia, bawa la joshini linasogea mbele, linapata hewa zaidi, linanyanyuka. Upepo unaingia chini yake na ndege nzima inaanza kusukumwa demani. Kwa hiyo mguu kulia na usukani wa mkono kushoto ni tendo moja. Mkono unalishikilia bawa lisinyanyuke, na ukihitaji, unalilaza kidogo joshini ili lizuie kusukumwa.

Wakati wake ni ndani ya kuinua pua, sekunde chache kabla ya magurudumu. Ukinyoosha futi 50, uzito wa ndege utakuficha kosa kwa sekunde mbili, itaendelea kwenda sawa kana kwamba umepatia, kisha itateleza demani ukiwa bado hewani. Kwenye njia ya upana wa mita 45, gurudumu kuu la A320 iliyo katikati barabara halina hata mita 19 mpaka ukingoni. Ukiona unateleza, usiikandamize chini ili uwahi. Paa tena.

Wala usililaze bawa kupita kiasi. Injini ziko chini ya mabawa. Kwa A320 mwisho ni nyuzi 5 za kulala na nyuzi 5 za pembe ya kaa iliyobaki. Pembe ndogo ya kaa ikibaki kwenye njia kavu si dhambi: magurudumu makuu yako nyuma ya kitovu cha uzito, yakishika lami huivuta pua inyooke. Abiria watatikisika, basi.

8. Gusa. Gurudumu la joshini kwanza, la demani linafuata, pua ishushe mara moja, usiishikilie hewani. Na hapa kutua hakujaisha! Mkia ni tanga lililosimama: upepo unausukuma demani, pua inataka kugeukia joshini. Endelea kushika mstari kwa pedali. Usukani wa mkia, unaoendeshwa kwa pedali, una nguvu mpaka kasi ishuke karibu noti 60. Kwenye Boeing mkono ubaki joshini, na uongezwe kadiri kasi inavyopungua.

9. Breki na riversi (injini kusukuma hewa mbele ili kupunguza mwendo) kama kawaida.

MASWALI

Abiria wa Mtwapa: Kwani otopailoti haitui yenyewe? Siku hizi si kompyuta tu?

Jibu: Hutua, lakini kwenye upepo wa ubavuni kikomo chake kiko chini ya cha mkono. A320 ikijitua yenyewe mwisho ni noti 20. Linganisha na hatua ya 2.

Mzee wa Haraka: Sijasoma yote. Ni pedali ipi kwanza?

Jibu: Hatua ya 7.

Mzee wa Haraka: Nimeiona, ndefu. Kulia au kushoto?

Jibu: Inategemea upepo umetoka wapi. Ndiyo maana ni ndefu.

Mtoto wa Magongo: Samahani mwalimu. Kama upepo ni 160, mbona wasitumie ile njia ya 15 wakaupata usoni?

Jibu: Hilo ndilo swali la kirubani, ahsante. Njia hiyo ni fupi, kama mita 1,260. Cessna 172, ambayo ilijaribiwa na noti 15 tu za ubavuni, itaishukuru. Kwa ndege kubwa ya abiria haitoshi. Na njia ya 03, yaani ileile ya 21 ukiingilia mwisho wa pili, kwa upepo ule ingekupa noti 14 mgongoni, wakati ndege nyingi mwisho wake ni 10. Inabaki 21 na ubavu wake. Ila kuuliza njia nyingine ni lazima uwe mazoea. Hamburg, tarehe 1 Machi 2008, A320 ilijaribu njia ya 23 kwenye dhoruba, bawa la kushoto likagusa lami, wakapaa tena wakaenda kutua njia ya 33. Hakuna aliyeumia. Njia ya 33 ilikuwepo tangu mwanzo.

Msafiri Mkali: Wiki jana tumekaribia kabisa kugusa, rubani akapaa tena. Hiyo ni kukosa uzoefu, tuseme ukweli.

Jibu: Ukweli ni kwamba amefuata hatua ya 5 au ya 7. Nauli yako haikununua kugusa mara ya kwanza.

Dada Simyuleta: Mwalimu, umesema "kwenye Boeing mkono ubaki joshini". A320 je? Na mvua ya Mei ikipiga, bado ninyooshe kabisa?

Jibu: Dada, umesoma kwa makini. Kwenye A320 ukishagusa, usiulaze mkono joshini. Spoila (vibao vya juu ya bawa vinavyoinuka kuvunja hewa) za bawa moja zitakaa tofauti na za lingine na zitaizidishia ndege ule ugeukaji wa kwenda joshini. Uache katikati, mguu ufanye kazi. Hewani nako usiushikilie upande mmoja, kwa sababu mkono wake huagiza kasi ya kulala, si pembe: ukiushikilia, bawa linaendelea kulala.

Mvua ni habari nyingine. Njia ikiteleza sana, kugusa ukiwa bado na pembe ya kaa kuna faida: magurudumu makuu yote yanafika pamoja, spoila na breki zinawahi, na husukumwi demani. Hatari ni riversi. Ndege ikiteleza huku pua iko joshini, riversi inakuvuta nyuma na pia demani. Rudisha riversi mpaka chini kabisa, achia breki, nyoosha, rudi kwenye mstari, ndipo uanze tena. Wengi hufanya kinyume: wakiona ukingo, wanavuta zaidi.

Dada Simyuleta: Kwangu kwenye simyuleta nikikanyaga pedali ndege inanyooka halafu inajirudisha yenyewe.

Jibu: Kuna mpangilio wa usaidizi unaokuendeshea usukani wa mkia. Uzime. Kisha anza na noti 10, upepo tulivu, bila dharuba, mpaka mkono na mguu vizoeane.

Nahodha wa Kizingo: Demani si msimu, kusi ikianza kulegea?

Jibu: Yote mawili, nahodha. Msimu, na upande wa chini ya upepo.

Nahodha wa Kizingo: Sawa. Na ile soksi ya upepo pale uwanjani, mtu husoma vipi?

Jibu: Ile ya kawaida yenye mistari mitano, kila mstari ulionyooka ni kama noti 3. Ikinyooka yote, 15 au zaidi, na zaidi hiyo haikwambii ni ngapi. Tazama inavyorukaruka, dharuba utaziona hapo.

Abiria wa Mtwapa: Basi kiti gani kizuri nijionee mwenyewe?

Jibu: Nyuma kidogo ya bawa, dirisha la joshini, kusi ikivuma na mnatua 21 ni kushoto. Karibu na ardhi utaona aileroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya upande wako ikinyanyuka na spoila moja mbili zikichomoza nayo, bawa likilala kidogo. Magurudumu yakigusa, spoila zote zinasimama wima kwa pamoja. Na simu shika kwa mikono miwili.