Kabla Hujaondoka Kigoma Kwenda Kucheza Msimu wa Voliboli Nje

Kwa vijana wa Kigoma, kuvuka mpaka kwenda kucheza mpira wa wavu ni jambo la kawaida. Timu inakodi Hiace, inapitia Manyovu, inacheza mechi mbili za kirafiki Burundi, na Jumatatu watu wako kazini Mwanga au darasani Ujiji. Mazoea haya ni mazuri, ila humponza mchezaji siku anapopata ofa ya kweli ya kucheza msimu mzima Ugiriki, Italia au Uturuki, akadhani safari ni ileile na kilichoongezeka ni umbali. Msimu wa kulipwa ni ajira. Unakwenda kuishi miezi saba au minane chini ya sheria za nchi nyingine, na huko utalindwa na karatasi zenye jina lako. Karibu zote zinatafutwa ukiwa bado nyumbani, na zinachelewa kuliko watu wanavyodhani.

Anza na pasi ya kusafiria, hata kama ofa bado hujaiona. Klabu nyingi za Ulaya husajili kati ya Aprili na Julai, maandalizi ya msimu huanza Agosti, na ligi huchezwa kuanzia Septemba mwishoni au Oktoba hadi Aprili au Mei. Ukingoja ofa ije ndipo ukimbilie Uhamiaji, klabu itamchukua mwingine ambaye pasi yake iko mkononi. Pasi ya kielektroniki, inayotolewa tangu 2018, ada yake ni Sh150,000 na hudumu miaka 10. Fomu inajazwa mtandaoni, lakini alama za vidole na mahojiano ni lazima ufike mwenyewe. Utatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi wako, iwe ni cheti au kiapo.

Hilo la mzazi, kwa sisi wa huku, lipe uzito wake. Mkoa wetu umepakana na Burundi na Kongo, familia nyingi zina ndugu pande zote mbili, na maswali ya uraia huulizwa kwa kina. Kaa na wazee mapema. Waulize na uandike majina kamili, kijiji, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana, na nani bado yuko hai wa kuthibitisha. Kisha weka vyeti vyako vyote mezani uvisome herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Zuwena, NIDA wakaandika Zuena na cheti cha kidato cha nne kikasema Zuhena, rekebisha sasa, kwa sababu ofisa wa viza hatajua kwamba hao watatu ni mtu mmoja.

Kuhusu viza, kumbuka kwamba viza ya matembezi ya nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaruhusu siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na haikupi haki ya kufanya kazi. Msimu hautoshi humo. Unahitaji viza ya muda mrefu ya kazi au ya mchezaji, na klabu ndiyo inayotakiwa kuanzisha vibali upande wake kabla wewe hujaenda ubalozini. Mtu akikwambia "njoo kwanza na viza ya utalii, tutabadilisha ukishafika", usiende. Angalia pia ubalozi wenyewe uko wapi. Italia na Uturuki zina ubalozi Dar es Salaam, lakini Ugiriki na Romania ziko Nairobi, kwa hiyo nauli na malazi ya huko viwe kwenye bajeti yako, na muulize mwajiri wako mpya kama atazirudisha.

Sasa nije kwenye karatasi ambayo wachezaji wengi wa kwetu hawaijui kabisa: hati ya uhamisho wa kimataifa, ambayo watu wa voliboli duniani kote huiita ITC. Bila ITC huruhusiwi kuchezea klabu ya nchi nyingine katika ligi inayotambuliwa na FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, hata kama mkataba umesaini na unalala kwenye nyumba ya klabu. Utaratibu wake uko kwenye mfumo wa mtandao wa FIVB: klabu inayokupokea, shirikisho la nchi yake, wewe mwenyewe na shirikisho la nyumbani, kila mmoja anathibitisha kwa sehemu yake, na kuna ada za kulipwa. Hakikisha unatumia baruapepe yako binafsi, na nenosiri lisishikwe na wakala wala kocha. Kile unachothibitisha humo kina uzito sawa na saini yako.

Mambo mawili ya ITC yanawahusu watu wa Kigoma kwa namna ya pekee. La kwanza, shirikisho lako la asili ni lile lililokusajili mwanzo kabisa. Kama ulipokuwa na miaka 16 ulisajiliwa rasmi na klabu ya Bujumbura kabla hujasajiliwa popote Tanzania, suala hilo litajitokeza, na ni afadhali lijitokeze Machi kuliko Septemba wakati klabu inakusubiri. La pili, shirikisho letu liko mbali nasi. Ukiwa umecheza mechi za mtaani na mashindano ya mkoa tu, inawezekana jina lako halimo kwenye usajili wowote. Ongea na chama cha mkoa, omba usajiliwe, upate barua. Na kama umeajiriwa kwenye jeshi au magereza, ambako timu zetu nyingi kubwa ndiko ziliko, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kugusa jambo lingine lolote.

ITC ina tarehe ya mwisho. Ikifika, unarudi chini ya shirikisho lako la asili, hivyo hakuna klabu inayokumiliki. Soma tarehe hiyo na uilinganishe na tarehe ya mkataba na ratiba ya timu ya taifa.

Mkataba uwe wa maandishi, katika lugha unayoielewa, na usomwe na mtu asiyefaidika na saini yako. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari uliyosoma anaweza kukusaidia sana hapa. Wakili ni bora zaidi. Swali la kwanza: mshahara uliotajwa ni kabla ya kodi au ni unaoingia mkononi? Swali la pili: unalipwa miezi mingapi? Chukua mfano wa euro 1,500 kwa mwezi kwa miezi 8. Jumla ni euro 12,000. Mwaka una miezi 12, na ile minne ya kiangazi hakuna anayekulipa, kwa hiyo kimaisha una euro 1,000 kwa mwezi, kabla hata hujamtumia mama chochote. Wakala akichukua asilimia 10, ambayo ndiyo inayozoeleka, euro 1,200 zimeondoka, isipokuwa imeandikwa kwamba klabu ndiyo inamlipa. Kwenye soko hili mara nyingi klabu hulipa, kwa hiyo liulize waziwazi.

Endelea kuuliza. Nyumba ni yako peke yako au mnakaa watatu? Umeme na joto la nyumba analipa nani? Wakati wa baridi gharama ya kupasha nyumba joto si ndogo, na mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hawezi kuikadiria. Tiketi ni ya kwenda na kurudi, na inaanzia Kigoma au Dar? Ukiumia goti Novemba, mshahara unaendelea, na upasuaji unalipwa na bima ya nani? Klabu inaweza kukuacha baada ya majaribio ya wiki mbili? Usipolipwa, ni baada ya siku ngapi unakuwa huru kuondoka? Kila jibu liwe ndani ya mkataba. Ahadi ya WhatsApp ikigeuka, utakosa pa kushika. FIVB ina baraza lake la kusuluhisha madai ya fedha kati ya wachezaji na klabu, na klabu inayokaidi inaweza kuzuiwa kusajili wageni, lakini baraza hilo litataka kuona mkataba uliosainiwa. Ndiyo maana nasisitiza hivi. Nawapenda hawa vijana na sitaki kuona mmoja wao amekwama nchi ya watu bila nauli ya kurudi.

Wakala naye achunguzwe. FIVB hutoa leseni kwa mawakala, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Anayekutaka ulipe fedha ya "usajili" ili akutafutie timu, mkimbie. Fedha ya wakala hutoka kwenye mkataba uliopatikana.

Upande wa afya, kamilisha chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake sasa ni cha maisha yote. Kisha pima kichocho. Sisi tunaooga ziwani tangu utotoni tunaweza kuwa nacho bila kujua, na uchovu wake hudhaniwa ni uvivu wa mazoezi. Kinatibika kwa vidonge, hapa hapa, kwa bei nafuu. Jambo kubwa zaidi ni malaria. Unaweza kuondoka mzima na homa ikakushika wiki ya pili au ya tatu ukiwa Ulaya, hata baadaye zaidi, na daktari wa huko atakuandikia dawa ya mafua kwa sababu malaria haiko kichwani mwake. Mwambie daktari wa timu siku ya kwanza kabisa kwamba umetoka sehemu yenye malaria. Ukipata homa, sema neno hilo moja na udai kipimo cha damu siku hiyohiyo; ugonjwa huu unaua mtu mwenye afya ndani ya siku chache.

Dawa unazobeba nazo zina hatari yake. Orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni hutolewa upya kila tarehe 1 Januari, na mchezaji ndiye anayewajibika kwa kila kitakachokutwa mwilini mwake. Baadhi ya dawa za mafua zinaweza kukuletea matatizo ukipimwa, na dawa ya miti shamba isiyo na maelezo ya kilichomo iache nyumbani, hata kama bibi ameichemsha kwa mapenzi. Kama una pumu, beba barua ya daktari na uulize mapema kuhusu kibali cha matumizi ya tiba, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa.

Kiwanja nacho kitakushangaza. Wengi wetu tumejifunzia nje, kwenye udongo au saruji, upepo wa ziwa ukisukuma mpira. Ndani ya ukumbi hakuna upepo, na sakafu ya plastiki inashika raba kiasi kwamba mguu unasimama mahali ambapo ulizoea kuteleza kidogo. Magoti na vifundo ndivyo vinavyolipa. Miezi mitatu kabla ya kuondoka, jaribu kupata nafasi ya mazoezi ukumbini Dar, imarisha mapaja, na ujifunze kutua kwa miguu miwili baada ya smashi. Kama wewe ni seta, yule anayewainulia wenzake mpira wapige, zoea kuutazama mpira ukiwa chini ya taa za darini. Pima pia vizuri mguso wako wa smashi na wa bloku, yaani kimo ambacho mkono wako unafika ukiruka kupiga au kuzuia mpira, kwa tepu ukutani, ukiruka mbele ya shahidi. Ukituma namba ya uongo, siku ya kwanza ya mazoezi wataijua, na nyavu ni zilezile: mita 2.43 wanaume, 2.24 wanawake.

Chakula nitasema kidogo. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, lakini samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20. Dagaa wa Kigoma wanapita. Wafunge vizuri.

Zungumza na familia kabla habari haijafika mtaani. Mshahara wa kwanza mara nyingi huja baada ya mwezi mzima wa kazi, kwa hiyo waeleze kwamba hadi Oktoba huenda usitume kitu, na mkubaliane kiasi utakachotuma kila mwezi na nani atakipokea. Laini yako ya Tanzania iache kwenye simu, uiwekee salio mara kwa mara ili isifungwe, kwa sababu jumbe za benki zinakuja humo.

Fika Dar siku tatu au nne kabla ya ndege ya kimataifa. Treni ya Kigoma huchelewa, na ndege nayo huahirishwa. Pasi, viza, mkataba, tiketi na kadi ya njano ya chanjo vipige picha, ujitumie kwenye baruapepe yako na kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Mwachie pia namba ya simu ya ubalozi wa Tanzania ulio karibu na uendako, jina la klabu na anwani ya nyumba utakayolala.