Baiskeli na magari Uingereza: lipi ni lazima, lipi ni ushauri

Dereva anayekupigia honi kwa kuwa umetoka kwenye njia ya baiskeli iliyochorwa pembeni anaamini umevunja sheria. Hujavunja. Mwendesha baiskeli anayegonga kioo cha gari lililompita kwa sentimita 60 anaamini dereva amevunja sheria ya kuacha mita 1.5 anapopita baiskeli. Naye hakusoma vizuri. Magomvi mengi ya barabarani hapa Uingereza huzaliwa hivyo, na mgeni aliyezoea barabara za Mombasa, Arusha au Kampala huingizwa katikati yake bila kujua nani ana haki.

Ufunguo uko kwenye Highway Code, mwongozo rasmi wa barabarani unaosomwa bure kwenye tovuti ya serikali. Kila kanuni yenye neno MUST au MUST NOT, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, ni sheria: ukiivunja umetenda kosa. Kanuni yenye should ni ushauri. Hata hivyo ushauri huo una meno, kwa sababu mahakama inaruhusiwa kuutumia kama ushahidi kwamba mtu aliendesha bila uangalifu. Kwa hiyo anayekupita karibu mno hashtakiwi kwa kosa la mita 1.5. Hushtakiwa kwa uendeshaji wa kizembe, na adhabu yake ya kawaida nje ya mahakama ni pauni 100 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni.

Mwongozo huo ulibadilishwa tarehe 29 Januari 2022, na mabadiliko makubwa yalihusu waenda kwa miguu na baiskeli. Madereva wengi walifaulu mtihani miaka kabla ya hapo na hawajaufungua tena. Ukijua hilo, hasira zao zinaeleweka, hata kama hazikubaliki. Mwongozo huu unatumika England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina wake.

Mahali pa kukaa barabarani

Kosa la kwanza la anayetoka nyumbani ni kung'ang'ania ukingo. Kwetu mwenye baiskeli akisikia lori nyuma huteremka kwenye changarawe. Hapa mara nyingi changarawe haipo: kuna jiwe la ukingo, mfuniko wa mtaro, vioo vya chupa na majani yaliyolowa. Ukibanwa huna pa kukimbilia, na ukigusa lile jiwe kwa tairi la mbele unaangukia barabarani, mbele ya gari linalokupita.

Kanuni ya 72 inashauri ukae katikati ya leni katika hali tatu: barabara tulivu, foleni inayokwenda polepole, na unapokaribia makutano au sehemu inayobana. Pale magari yanapokwenda kasi kuliko wewe, kaa angalau nusu mita kutoka ukingoni. Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha kama mita 1, upana wa mlango. Katikati ya leni dereva anakuona mapema, na hajaribu kupenya mahali pasipo na nafasi. Barabara ikipanuka, sogea kushoto umpishe. Kukaa katikati kwa ubishi wakati pembeni kuna nafasi salama ndiko kunakowasha moto.

Kuendesha wawili sambamba kunaruhusiwa. Kanuni ya 66 inataka tu muwakumbuke walio nyuma na muwaachie wapite, kwa kupangana mmoja nyuma ya mwingine au kusimama, mnapoona ni salama.

Yanayoonekana makosa na si makosa

Njia ya baiskeli si lazima kuitumia, na hakuna sheria inayolazimisha kofia ngumu, ingawa inashauriwa. Baiskeli inayokuja kinyume kwenye mtaa wa njia moja huenda ina ruhusa: angalia kama chini ya alama kuna kibao kinachosema isipokuwa baiskeli. Leni nyingi za mabasi zinaruhusu baiskeli, na alama ya buluu huionyesha. Kwenye baadhi ya makutano kuna taa ndogo za baiskeli, usawa wa macho, zinazowaka kijani sekunde chache kabla ya zile za magari, na dereva aliye nyuma huona mtu anaondoka kwenye nyekundu. Kwenye kipilefti, baiskeli inaweza kubaki leni ya kushoto hata kama inazunguka kwenda kulia. Kupenya kando ya foleni iliyosimama pia ni halali, ila uwe na breki mkononi, maana abiria hufungua milango ovyo.

Halafu kuna lile la kodi. Utaambiwa: hulipi kodi ya barabara, toka. Utaratibu wa kodi ya wenye magari kuingia moja kwa moja kwenye mfuko wa barabara ulikomeshwa mwaka 1937. Kinacholipwa leo ni ushuru wa chombo, na barabara hujengwa kwa kodi za jumla na kodi ya halmashauri, ambazo nawe unalipa. Lihifadhi jibu hilo kichwani tu. Kulitoa kwenye mataa hakujawahi kumtuliza mtu.

Makosa ya kweli ya mwenye baiskeli

Taa nyekundu ndilo linalowachoma madereva kuliko yote, na hapa wana haki. Nyekundu ni nyekundu hata kama makutano ni matupu, hata kama unakata kushoto. Faini ya papo hapo ni pauni 50. Dereva hulipa pauni 100 na kupata pointi 3. Ukiwa na haraka, shuka uvuke kwenye kivuko huku unaisukuma. Tangu kesi ya mwaka 1980, anayesukuma baiskeli kwenye kivuko anahesabiwa mwenda kwa miguu.

Kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu ni kosa, pauni 50, isipokuwa pawe na alama ya buluu yenye picha ya mtu na baiskeli. Katika England na Wales sheria yenyewe ni ya mwaka 1835, na bado ina nguvu. Wanaokimbilia huko wengi wanaogopa malori. Woga huo una sababu, lakini kumgonga mzee anayetoka mlangoni kwake kutakuletea balaa kubwa kuliko faini.

Taa ni lazima kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, rifleta nyekundu nyuma, na rifleta za rangi ya chungwa kwenye pedali kwa baiskeli iliyotengenezwa tangu Oktoba 1985. Taa ya kumemeta inakubalika ikimemeta mara 60 hadi 240 kwa dakika. Tatizo la kawaida ni koti refu au begi linaloziba taa ya nyuma, na betri inayokufa mwezi Desemba giza linapoingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Beba taa ya akiba. Breki ziwe mbili, kila moja ikifanya kazi peke yake. Kengele lazima iwepo baiskeli mpya inapouzwa, si lazima ibaki baadaye, lakini ni ya bei ndogo, na watu huipokea vizuri kuliko kelele.

Polisi akikuandikia faini, toa jina lako halisi na ulipe ndani ya siku 28. Usipolipa wala kuomba kusikilizwa mahakamani, inasajiliwa ikiwa imeongezeka nusu: pauni 50 zinakuwa 75.

Baiskeli ya umeme, hasa kwa wanaopeleka chakula

Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Baiskeli ya umeme inahesabiwa baiskeli ikiwa ina pedali zinazofanya kazi, mota yake haizidi wati 250, na mota inaacha kusukuma ikifika maili 15.5 kwa saa (kilomita 25). Mwendeshaji awe na miaka 14 au zaidi. Ikizidi hapo, au ikiwa inakwenda yenyewe kwa kuzungusha mkono kama bodaboda bila kukanyaga pedali na haina kibali maalumu, kisheria ni pikipiki. Pikipiki inataka usajili, bima, leseni na kofia.

Ukikamatwa nayo, chombo kinachukuliwa, na kosa la kukosa bima ni pauni 300 na pointi 6. Pointi hizo huingia kwenye leseni ya gari. Mtu ambaye hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani wa Uingereza hupoteza leseni akifikisha pointi 6, kwa hiyo baiskeli iliyofunguliwa kasi inaweza kukunyang'anya ruhusa ya kuendesha gari. Kabla ya kununua ya mkononi, angalia kibandiko kwenye mota au fremu kinachoonyesha nguvu yake, kisha ipande kwenye tambarare: ikiendelea kukusukuma zaidi ya kilomita 25, iache. Skuta za umeme za binafsi haziruhusiwi barabarani kabisa.

Ukiwa nyuma ya usukani wa gari

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo unahitaji leseni ya muda ya Uingereza na mitihani yote miwili, kwa sababu nchi zetu hazimo kwenye orodha ya zinazobadilishiwa leseni moja kwa moja.

Ukimpita mwendesha baiskeli kwenye mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, acha angalau mita 1.5, ukiwa na kasi zaidi, acha zaidi. Kwa kawaida hiyo ina maana ya kuingia leni ya pili, kwa hiyo kama kuna gari linakuja mbele, subiri. Penye mistari miwili myeupe katikati ya barabara, ule wa upande wako ukiwa haukatiki huruhusiwi kuuvuka ili kuovateki, lakini baiskeli inayokwenda maili 10 kwa saa au chini unaweza kuipita ukiuvuka, kama ni salama.

Unapokata kona, usimkatie anayenyoosha. Gari linalompita mwenye baiskeli kisha likakata kushoto mbele yake ni ajali ya kila siku, na tangu 2022 mwongozo unasema waziwazi kwamba anayenyoosha ana haki ya kupita kwanza. Kwenye mataa yenye boksi la baiskeli, yaani nafasi iliyochorwa mbele ya magari, simama kwenye mstari wa kwanza. Kuingia kwenye boksi taa ikiwa nyekundu ni kosa lilelile la kupita nyekundu.

Mlango ufungue kwa mkono ulio mbali nao. Hapa usukani uko kulia, kwa hiyo tumia mkono wa kushoto: bega linageuka, na macho yanaangalia nyuma yenyewe. Kumfungulia mtu mlango akaumia ni kosa linaloweza kufikia pauni 1,000.

Kuhusu honi: nyumbani tunapiga kumwambia mtu “niko nyuma yako, ndugu.” Hapa husikika kama tusi, na mwenye baiskeli akishtuka huyumba. Ukiwa umesimama hairuhusiwi kupigwa, na kwenye maeneo ya makazi hairuhusiwi kati ya saa tano na nusu usiku na saa moja asubuhi, isipokuwa mwingine anapokuhatarisha.

Lori lina hesabu yake. Likisimama kwenye makutano, hata kama halijawasha indiketa, usipenye upande wa kushoto. Hufungua upana kulia kwanza, ndipo linajikunja kushoto, na kichwa kikigeuka trela hufuata ndani ya kona na kusaga kila kilicho pembeni. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Baki nyuma.

Ugomvi au ajali ikitokea

Usimfuate dereva kwenye taa inayofuata. Ukigonga kioo au kuvunja saidimira, wewe ndiye utakayekuwa na kosa la jinai, hata kama yeye ndiye aliyeanza.

Ukiwa na kamera, hifadhi video nzima bila kuikata. Polisi wengi huomba dakika moja au mbili kabla na baada ya tukio. Andika tarehe, saa, mtaa na namba ya gari, kisha itume kupitia ukurasa wa polisi wa eneo hilo siku hiyohiyo au kesho yake. Haraka hiyo ina sababu: kwa makosa mengi ya aina hii, taarifa ya kusudio la kushtaki lazima imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14, na polisi nao wanahitaji muda wa kuitazama. Usiirushe mitandaoni kabla ya kesi kwisha. Madereva nao hutuma video za baiskeli, lakini baiskeli haina namba na mara nyingi hakuna wa kuandikiwa. Kinyongo chao kikubwa kiko hapo, na si bure.

Mkigongana, dereva analazimika kusimama na kutoa jina, anwani na namba ya gari. Akikataa au akikimbia, piga 999, namba ya dharura, kama mtu ameumia, au 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, kama hakuna aliyeumia. Piga picha za magari yalipo kabla hayajasogezwa, chukua simu za mashahidi, na nenda hospitali hata kama unajiona mzima, kwa sababu bila rekodi ya daktari madai ya maumivu hayana mguu wa kusimamia. Baiskeli usiitengeneze kabla ya kuipiga picha, tunza risiti. Aliyegonga akiwa hana bima au hajulikani, dai lako hupelekwa Motor Insurers' Bureau, shirika linaloshughulikia madai ya aina hiyo. Kwa majeraha, muda wa kufungua kesi ni miaka 3.

Wewe nawe ukikwaruza gari la mtu unaweza kudaiwa, ingawa sheria haikulazimishi kuwa na bima. Angalia kwanza kama bima ya vitu vya nyumbani inakulinda. Uanachama wa vyama vya waendesha baiskeli, Cycling UK au British Cycling, pia huja na bima ya madai ya watu wengine.

Ukihamia bara la Ulaya, usibebe kanuni hizi nzima nzima. Ujerumani alama ya buluu ya mviringo yenye baiskeli inakulazimisha kutumia njia hiyo, na kupita nyekundu ukiwa kwenye baiskeli ni euro 60 na pointi moja; pale mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji ni sheria kamili. Uholanzi, kushika simu mkononi ukiendesha baiskeli kumepigwa marufuku tangu Julai 2019. Na kote huko mnakwenda kulia, kwa hiyo kabla ya kuvuka angalia kushoto kwanza.