Jinsi ya kuchana kebo za netiweki kwa kitana, kuanzia darini mpaka kwenye raki

Habari zenu mafundi wenzangu. Kazi yangu ni kuvuta netiweki hapa Dodoma, na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 majengo hayaishi, leo uko Mtumba kesho Ilazo keshokutwa Nzuguni, na karibu kila raki (lile kabati la swichi na paneli za netiweki) ninayoitwa kurekebisha naikuta na shida ileile: kebo zimefungwa mzigo mmoja kama kuni za kubeba kichwani, huko ndani zimepishana hovyo, alafu zimekazwa na kebo tai za plastiki mpaka zimebonyea. Sasa kuna kifaa kidogo cha plastiki kinaenea kiganjani, sisi tunakiita kitana, na mpaka leo nakutana na mafundi wazuri kabisa hawana.

Kitana ni kipande cha plastiki ngumu chenye matundu au mifereji, vingi vinabeba kebo 24, yaani pachi paneli moja nzima, ule ubao wa matundu kwenye raki ambako kebo zote zinaishia. Kila kebo inakaa kwenye tundu lake, unakisukuma, na kule kinakotoka kebo zinabaki zimenyooka sambamba hakuna inayomrukia mwenzake. Ni kama nywele, huwezi kusuka vizuri kichwa ambacho hakijachanwa.

Hatua ya 1. Namba kwanza. Kabla hujashika kitana hakikisha kila kebo ina namba ncha zote mbili, kwa maka peni na utepe. Ukichana kebo zisizo na namba umepanga vurugu ikapendeza tu, siku moja ikifa hakuna atakayejua ni ya chumba gani.

Hatua ya 2. Futa vumbi. Hii mafundi wa Dar wanaweza kuiruka ila sisi hapana. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, hasa miezi ya upepo, na kebo ikiwa na vumbi kitana kinakwama kinaanza kukwaruza ganda. Chukua kitambaa kikavu, shika kebo nne tano kwa pamoja, vuta kuelekea nchani. Kama ni asubuhi ya Julai na kebo ni ngumu bado zina mkunjo wa boksi, zitandaze juani kidogo zitalainika.

Hatua ya 3. Kupakia kitana. Hapa ndo penye kazi, usikimbie. Watu wengi wanachomeka kebo tundu lolote lililo karibu, alafu wakifika kwenye paneli zinaanza kukatizana upya. Fikiria daladala: anayeshuka kituo cha karibu anakaa mlangoni, anayekwenda mwisho wa gari anakaa nyuma. Kama fungu lako linaingia paneli kutokea kushoto basi kebo namba 1 ndo inashuka kwanza, kwa hiyo iweke mstari unaotazama paneli, ifuate 2, 3, na kuendelea, na 24 ikae nyuma kabisa. Fungu likitokea kulia unageuza. Chora kwenye karatasi matundu yako uandike namba, dakika tano tu, mi nafanya hivo mpaka leo.

Hatua ya 4. Sukuma na funga. Anza pale kebo zinapotoka darini au kwenye trei, shuka kuelekea ncha zilizo huru, usianzie nchani kwenda juu maana utasukumia fundo lote darini likwame huko. Kila kama sentimita 30 simama, funga velcro (utepe wa kunatana unaofunguka na kufungwa tena) nyuma ya kitana, endelea. Velcro ikazwe kiasi kwamba bado unaweza kuizungusha kwa vidole viwili.

Kwa nini nasisitiza velcro. Kuna ofisi moja niliitwa, wanasema intaneti nzito kwenye kompyuta moja tu, nyingine zote safi. Naangalia swichi, ile poti inasoma megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000. Nikapiga testa: kati ya jozi nne za waya zilizo ndani ya kebo, jozi ya bluu, pini 4 na 5, haipo. Nikafuata kebo kwa mkono mpaka kwenye kona ya raki, nikakuta kebo tai imekazwa kwa plaizi mpaka imezama kwenye ganda, nilipoikata ile kebo ilikuwa bapa, ukichuna ganda waya wa bluu umekatika. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, ndo maana haikuzima kabisa, ikabaki inachechemea na mtu anailaumu kompyuta yake. Kebo tai moja imetugharimu kuvuta kebo upya.

Hatua ya 5. Kona. Usikunje kebo kama waya wa nyumba. Nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 4 ya unene wa kebo, na Cat6, yaani kebo ya netiweki ya daraja la 6, ina kama milimita 6, kwa hiyo usishuke chini ya sentimita 2.5. Pitisha kitana taratibu kwenye kona, kebo za nje zitahitaji urefu zaidi kuliko za ndani, ziachie zijivute zenyewe, ndo maana hatukati ncha mpaka tumalize. Na waya za umeme zisiingie kwenye fungu hili hata siku moja, zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.

Hatua ya 6. Paneli. Toa kebo moja moja kwa mpangilio uleule, kata, panchi (yaani bana waya zake kwenye paneli), usifungue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13. Alafu pima zote 24, sio tatu za mfano.

Jambo moja, kama kazi ni Cat6A (daraja la juu ya Cat6) isiyo na kinga ya foili, kwa ajili ya gigabiti 10 kwa sekunde, chana sehemu inayoonekana tu karibu na raki. Huko darini ziache zilegee, kebo zikilala sambamba na kubanana safari nzima zinaingiliana mawimbi.

Na kama hujapata kitana dukani, tengeneza. Nunua kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile kinene, kata mraba wa sentimita 6, toboa kwa biti ya milimita 7 mistari 5 kwa 5, sentimita moja kutoka kitovu cha tundu mpaka kitovu cha tundu jirani, lile la katikati ya kibao usilitoboe, yanabaki 24. Piga msasa kila tundu pande zote mbili mpaka kidole kisihisi makali. Hiki hakifunguki, kwa hiyo unaingiza kebo kwa ncha na ni lazima kabla ya kupanchi: tenganisha fundo kwa mkono kwanza, kipandishe mpaka juu, ndo ushuke nacho ukifunga velcro. Cha kwangu cha kwanza kilikuwa cha kibao, na raki niliyokitumia Kisasa ukiifungua leo unazihesabu kebo moja mpaka 24 kwa macho.